Siga Laini ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa mtaalamu! Tena na daktari. Daktari wa meno, ndiyo, lakini daktari ni daktari.

Ilikuwa hivi. Kiranja alinipigia simu nikiwa karakanani. Kiranja ni binti wa dada yangu, mpokea wagonjwa pale kliniki ya meno. Jina hilo alilipata mapema, maana tangu anaota meno anatupanga mstari. Akasema: Mjomba, njoo na futi yako, sanduku la Daktari limepasuka. Nikaenda na vumbi langu la mbao kichwani, kama nilivyo.

Sanduku lenyewe dogo, la mwerezi, la kutunzia siga. Siga, si sigara! Sigara ni kile kijiti cha karatasi wanachovuta watu wakiwa na haraka. Siga ni jani juu ya jani juu ya jani, limeviringwa kwa mkono, nene kama kidole gumba changu — na kidole gumba changu kinajulikana.

Lilianguka kutoka kabatini. Bawaba imeng'oka, ubao wa pembeni umepasuka kona hadi kona. Halitengenezeki, linataka mrithi. Daktari ni mtu mrefu, mpole, sauti ya chini kama anayeongea na mgonjwa aliyelala. Akauliza kama nayafahamu masanduku ya aina hii.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia. Nikasema: Daktari, masanduku kumi na saba! Mawili ya mabalozi. Na siga zenyewe nimezizoea tangu ujana, nilifundishwa na nahodha mmoja wa jicho moja, jivu lake lilikuwa halidondoki mpaka meli ifunge gati.

Daktari akavua miwani. Akasema kumbe! Miaka yote hii anatafuta mtu wa kukaa naye. Mkewe hataki hata harufu, madaktari wenzake wanamwonea haya. Jumamosi saa kumi, nyuma ya kliniki, nisikose.

Kiranja alinitazama kwa lile jicho la kupanga mstari.

Sasa, humu daftarini tuko wawili tu, mimi na kalamu. Sanduku la siga sijawahi kutengeneza. Siga sijawahi hata kuishika. Nahodha yupo, ila chombo chake kilikuwa cha kuvushia mchanga, na macho alikuwa nayo yote mawili. Jicho moja nilimtoa mimi. Hadithi ilikuwa inalihitaji.


Jumanne, 4 Machi

Nimechonga siga ya mti. Msonobari, urefu wa kiganja, nikaipiga msasa mpaka ikateleza. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati la mteja. Kushoto kwa mdomo — nafanana na waziri. Kulia — nafanana na mwizi wa waziri. Katikati — mtoto na nyonyo. Kushoto basi.

Kwenye chakula Kiranja akasema Daktari ameagiza nijulishwe kwamba ya Jumamosi ni laini. Dada akadakia hapo hapo: laini ya mtandao gani? Maana hii yake haishiki ukiwa jikoni, na kama daktari anagawa laini basi naye achukuliwe moja.

Kiranja akamweleza kwamba ni siga, laini maana yake si kali. Dada akaweka kijiko chini. Mdogo wangu, akasema, miaka hamsini na nne hujawahi kuvuta hata bomba la baiskeli, leo siga?

Nikamwambia yapo mambo ya mwanamume ambayo dada hayajui. Akasema yapo, lakini yangu anayajua yote, yeye ndiye aliyenifulia nepi.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika mbio kwa furaha, herufi zitanisamehe.

Nyuma ya kliniki kuna kibaraza. Viti viwili vya chuma, meza ya duara, kisahani cha majivu. Ukutani picha ya jino kubwa linalocheka. Daktari amevua koti jeupe, kumbe ndani ana shati la maua!

Akaitoa. Rangi ya chai ya maziwa, ngozi yake nyororo, haina mshipa uliosimama. Kiunoni ina pete ya karatasi yenye dhahabu. Akaikata kichwa kwa kikasi cha pekee, tik! kama anayemng'oa mtoto jino la kwanza. Akawasha kijiti cha kiberiti, akangoja ile harufu ya kiberiti iishe, ndipo akaizungusha siga juu ya moto bila kuigusisha. Taratibu. Mimi macho kodo, huku natikisa kichwa kama mkaguzi wa shule aliyeridhika.

Zamu yangu. Nikavuta. Nikavuta kiume — mapafuni, tumboni, mpaka magotini. Mama yangu mzazi! Dunia ikainama. Lile jino la ukutani likawa mawili, yakanicheka yote. Machozi, kamasi, kikohozi cha trekta lililolala na mvua.

Daktari kasimama na glasi ya maji. Nikasema, sauti imekatika vipande: Ya kwanza... huwa tunaishusha... ikasalimie.

Akacheka! Hakunicheka, alicheka tu, kama mtu aliyelegeza mkanda. Siga haivutwi, akasema, siga huonjwa. Moshi ni mgeni wa sebuleni. Mpokee kinywani, mkalishe, msikilize, kisha msindikize nje. Chumbani haingii. Hivyo ndivyo alivyokufundisha nahodha?

Nikasema: neno kwa neno!

Basi nikaupokea sebuleni. Nikanyamaza. Mimi! Dakika nzima. Kiranja alitoka kwenye mafaili yake kuangalia kama nimekata roho.

Mwanzoni hakuna kitu. Hewa ya uvuguvugu. Halafu polepole — maziwa. Si maziwa yenyewe, ule utando wa juu yakishachemka, unaouiba kwa kidole kabla mama hajageuka. Kisha mkate uliobanikwa, upande ambao haukuungua. Kisha lozi. Na nyuma kabisa, kule karibu na gego la mwisho, akaja mtu ninayemjua. Mwerezi! Nilimtambua kama ndugu aliyepotea sokoni. Maranda ya kwanza ya asubuhi, yale membamba ukiyainua unaona mwanga ng'ambo.

Nikayasema yote hayo kwa sauti. Na sikutia chumvi hata punje! Sikukumbuka kutia. Daktari akachukua kijidaftari cha kuandikia dawa, akaandika, akaniomba nirudie hapo pa utando.

Akasema vitabu vya siga vimejaa maneno, lakini hakuna hata moja lililowahi kukaa ulimini mwake kama utando wa maziwa. Akasema tena, akitazama moshi: Fundi, siku nzima nakaa na watu waliofungua vinywa, na hakuna hata mmoja anayeongea nami.

Nikamsogezea kisahani cha majivu.

Jivu langu lilifika pingili nzima ya kidole, jeupe, halijadondoka. Lake lilidondoka kwenye maua ya shati. Nimeshinda!

Nimerudi na ile pete ya karatasi kidoleni. Dada alipoiona akashika kifua: Nani huyo mwenye moyo mgumu kiasi cha kukukubali?


Jumapili, 9 Machi

Ulimi umefunguka, haufungiki tena. Naonja kila kitu. Chai ya asubuhi — mbele majani, katikati sukari, mwishoni sufuria. Nikamwambia Dada kwamba mwishoni kuna sufuria. Akasema mwishoni kutakuwa na mwiko.

Nimenusa mbao zote karakanani kama mara ya kwanza. Mkangazi una pilipili kidogo. Msonobari ni ndimu na dawa ya kikohozi. Miaka thelathini nazila hizi kwa pua, sikujua kama nakula karamu!


Jumatano, 12 Machi

Mwerezi umefika. Vipande vinne vya pembeni, kitako, kifuniko. Nilipopitisha randa ya kwanza nikaokota maranda yake nikayanusa.

Kona nimeamua kuziunga kwa viungo vya meno, bila msumari hata mmoja. Meno manane kila kona. Kona nne. Zidisha! Thelathini na mawili! Kinywa kamili cha mtu mzima. Nani duniani amewahi kumchongea daktari wa meno sanduku lenye meno thelathini na mawili? Hapa sihitaji nahodha. Hii ni kweli tupu na bado ni kubwa kuliko uongo wangu wote.

Daktari alipita na gari akitoka kazini, eti anapita tu. Karakana iko kinyume kabisa na njia ya kwake. Akayahesabu meno kwa ncha ya kidole, akayapa hata namba zao za kidaktari. Akasema hakuna lililooza.

Ndipo akanieleza siga ambazo sanduku hili linazisubiri. Ziko ishirini na tano, za aina ile ile laini. Alipewa na mzee aliyemfundisha kung'oa jino, miaka kumi na moja iliyopita. Mzee akamwambia: siku utakayotundika koleo, kaa na wenzako, zitakuwa zimekomaa. Na siku yenyewe ni Jumapili ya tarehe 23. Anastaafu! Wageni ishirini na tatu, wamekubali kuvuta siku hiyo moja tu, yeye wa ishirini na nne. Ya ishirini na tano, akasema, ni ya Mjomba.

Mjomba! Si Fundi tena. Amemsikia Kiranja akiniita hivyo, naye amehamia.


Ijumaa, 14 Machi

Vanishi. Koti tatu nje, koti tatu ndani, msasa laini kati ya koti na koti. Vanishi yangu mwenyewe naichanganya, siri sina mtu nitakayemwachia. Sanduku linang'aa mpaka nimenyolea ndevu kwenye kifuniko. Na ndani, yaani ndani! Fundi wa hovyo hupaka nje tu, akidhani mteja hana macho ya ndani. Mbao isiyopakwa ni bwana harusi wa koti bila suruali.


Jumamosi, 15 Machi

Nimekabidhi. Daktari aliliweka mezani kibarazani, akalizunguka kama watu wanavyozunguka gari jipya. Akafungua. Akainama. Akauliza taratibu: Na ndani pia umepaka? Lile la zamani, anavyokumbuka, lilikuwa mbao tupu.

Nikasema: Ndani hasa! Ndipo penyewe. Mabalozi wote wawili walitaka hivyo hivyo.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema haya, wewe ndiye unayejua, mimi ni wa meno tu.

Tulizihamisha pamoja kutoka kwenye mfuko wa muda, moja moja, kama vichanga. Akaweka ndani kisponji chake chenye maji, siga zisikauke, na kipimo cha unyevu. Nikafunga kifuniko — fuuup — hewa ikatoka kama pumzi. Hakuna hata upenyo wa unywele. Kilichomo kimo.

Kisha tukakaa na nyingine mbili alizokuwa nazo mfukoni. Leo nimejifunza kuutoa moshi puani, kidogo tu. Loo! Pilipili manga nyeupe, halafu nyasi zilizokauka juani, na mwishoni asali, ile inayobaki kwenye kijiko baada ya kulambwa. Nikamwuliza mbona wenye siga kali huzicheka hizi laini, husema ni za kuanzia. Akasema kali hupiga kelele, na asiye na masikio hupenda kelele. Laini haimaanishi dhaifu. Ni mtu anayejua kuongea bila kupaza sauti, wewe ukanyamaza mwenyewe.

Sikumtazama machoni. Lakini nilifurahi tu! Nilifurahi mpaka nikamsimulia nilivyopiga chafya karakanani msumari ukaingia mbaoni wenyewe. Akauliza inchi ngapi. Nikasema tatu. Akasema angeshangaa kama ungekuwa wa inchi nne.


Jumanne, 18 Machi

Kiranja anasema Daktari anaandika hotuba ya kuaga, na ameniweka ukurasa wa pili. Ukurasa mzima! Dada ameitengeneza suruali yangu ya suti, ameipanua kiunoni vidole vitatu. Anasema umaarufu wote umeingia tumboni.


Alhamisi, 20 Machi

Kiranja ameniletea siga yangu, ya ishirini na tano, imefungwa kwenye bahasha ya kliniki. Ujumbe wa Daktari: Mjomba, onja kabla ya wote, uniambie miaka kumi na moja imefanya nini. Nataka maneno yako kwenye hotuba.

Nikaoga. Nikavaa shati. Nikaketi uani saa kumi na moja, jua limelegea, kuku wa jirani mashahidi. Kata, tik. Kiberiti. Zungusha. Pokea mgeni sebuleni.

Maziwa. Yapo! Mazito zaidi, yamekaa chini kabisa. Mkate. Lozi na kitu kama zabibu kavu — kitu kipya, kitamu ajabu, miaka kumi na moja yote imo mle! Nikapiga goti kwa kiganja. Nikasema Daktari atalia.

Halafu nyuma, kule kwenye gego la mwisho nikimsubiri mwerezi wangu, akaja mwingine. Sikutaka kumjua. Nikanywa maji. Nikapokea tena. Huyo huyo. Mkali kidogo, mtamu wa uongo, anabana ulimi kwenye kingo.

Nikautoa moshi puani ili niwe na hakika. Na ulimi huu, nilioufungua mwenyewe kwa mbwembwe, ukanitajia jina lake na la baba yake. Vanishi. Si vanishi ya dukani. Yangu! Hata ile siri naionja.

Kumbe ndiyo maana lile la zamani lilikuwa mbao tupu. Siga inalala kwenye mbao, inapumua mbao. Mimi nimezifungia ishirini na tano kwenye chumba kilichopakwa rangi jana, halafu nikajisifu mlango haupitishi hewa.

Niliimaliza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hata hivyo ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma.


Ijumaa, 21 Machi

Daktari amepiga simu saa mbili asubuhi. Vipi, Mjomba? Nikasema: Daktari, maneno yake ni mazito, hayapiti kwenye simu. Nitakuambia ana kwa ana.

Nilidhani nimenunua siku mbili. Akafurahi mno! Akasema safi kabisa, ana kwa ana, mbele ya wageni wote. Kabla mtu hajawasha, Mjomba atasimama kuwaeleza wataonja nini.

Mdomo uliponza kichwa. Kwangu umeponza kichwa, suti na ukurasa wa pili.

Nimekaa na kalamu kutafuta namna. Ya kwanza: mwaka ule majani yalikaushwa jirani na kiwanda cha rangi. Ya pili: hiyo ndiyo ladha adimu, wajuzi huilipia zaidi. Ya tatu: nina mafua, sisikii ladha. Ya pili ni nzuri sana! Nimeisema mbele ya kioo, nikaiamini. Wageni wataiamini pia, watatikisa vichwa. Na Daktari ataiandika kwenye kijidaftari chake.

Hapo ndipo ilipokwama. Naona mkono wake unaandika.


Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia Kiranja. Nilidhani atafoka. Alikaa juu ya rundo la mbao, akauliza kama zinaweza kupona. Nikasema nadhani, kidogo, zikitolewa humo haraka na kulazwa kwenye mwerezi mtupu wiki kadhaa. Nadhani tu. Sijui. Neno hilo "sijui" lilinitoka kama jino bila ganzi.

Akasema sanduku lipo nyumbani kwa Daktari, limewekwa sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa meno. Akasema pia: Mjomba, ukimwambia atakasirika. Usipomwambia, atavuta vanishi siku yake ya mwisho, na atakushukuru. Chagua lipi utalibeba.

Dada alikuwa mlangoni, kumbe kasikia yote. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mdogo wake ilirefushwa kwa sababu watu walipenda mandhari. Kisha akaenda akaniletea taa ya karakanani bila kuombwa, maana alishaona mkono wangu umeshika randa.

Mwerezi ulibaki, vipande. Nimetengeneza sanduku la pili kwa siku moja. Kona za kawaida, hazina meno. Kifuniko kimepinda unywele mmoja upande wa kushoto. Halina vanishi, ndani wala nje, mbao tupu ya kukwaruza. Sijawahi kutoa kitu kibaya hivi mikononi mwangu. Nalipenda kupita kiasi!


Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa chooni kwa Daktari. Choo kizuri, kina taulo mbili ambazo sijathubutu kuzigusa. Sanduku la pili lipo magotini, kwenye gunia.

Mambo yamekwenda hivi. Tulifika saa kumi, mimi na Kiranja. Dada amebaki, anasema hataki kunizika akiwa na viatu vya kuazima. Bustani imejaa madaktari wa meno. Wote wana meno mazuri, ukisema jambo dogo tu unaangazwa kama uwanja wa mpira. Nilitaka kumvuta Daktari pembeni mapema, lakini kila nilipomkaribia alinishika bega na kunitambulisha. Huyu ndiye Mjomba! Huyu ndiye utando wa maziwa! Mama mmoja daktari wa watoto alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema amesikia habari zangu, na ule msumari ulikuwa inchi ngapi hasa?

Nikasema tatu. Mdomo huu!

Na niseme ukweli, humu naweza — nilikuwa na furaha. Vanishi na yote, nilikuwa na furaha kama mbwa kwenye gari la wazi. Sijawahi kusimama mahali nikawa mtu wa kusubiriwa.

Kisha hotuba. Ukurasa wa kwanza mwalimu wake. Ukurasa wa pili mimi. Alisema amestaafu na meno elfu kadhaa ya watu wengine, na rafiki mmoja. Watu wakapiga makofi. Kiranja alitazama viatu vyake.

Sanduku likaletwa. Daktari akafungua kifuniko mwenyewe. Akainama, kama siku ile. Akabaki ameinama. Akanusa tena. Niliona mabega yake yakishuka. Alipoinuka alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata, wala hakukunja uso. Akafunga kifuniko polepole, akasema kwa sauti ile ile ya chini: Tumsubiri Mjomba, yeye ndiye atakayetuambia.

Mimi nikaomba choo.

Nimejaribu kuandika hapa nitakachosema. Mistari sita, nimeikata yote, kila mmoja ulikuwa na chumvi ya kuhifadhia samaki. Umebaki mmoja: Sijawahi kutengeneza sanduku la siga kabla ya hili. Mfupi mno! Hauna hata mtu ndani yake isipokuwa mimi. Nimeusoma mara mbili — ndio huo huo, hauongezeki.

Na baada yake je? Labda ataniita Fundi. Hilo ndilo ninaloogopa, hata kuliko siga. Fundi, chukua gunia lako.

Nje wanacheka. Mtu amegonga glasi kwa kijiko. Kiranja amepita mlangoni akanong'ona kwamba madaktari wawili wameshatoa viberiti vyao. Nimemwambia awazuie. Anasema tayari anawapanga mstari.

Mlango unagongwa. Si Kiranja, Kiranja hupiga kwa kiganja. Huyu anagonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayetafuta jino lipi linauma.

Anasema wageni wana haraka kidogo. Yeye hana.

Nimesema nakuja. Anasema haya, na hakuondoka, naona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Sanduku nimelivua gunia. Mlango wenyewe ni mwembamba, mimi na sanduku hatupiti pamoja, lazima mmoja atoke kwanza. Natanguliza sanduku.